Barafu ikiachia bwawani baada ya ukame: niende lini kuvua trauti, na nisimame wapi?

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ni Mkenya, kwetu Nyeri, ila saa hii niko Aurora, Colorado, mwaka wa tatu sasa. Utotoni mzee alikuwa ananipeleka kuvua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya kwa hiyo fimbo naijua, lakini barafu siijui kabisa. Mwaka huu nataka nimpeleke kijana wangu wa miaka 12 kwenye mabwawa ya South Park, kule juu milimani, barafu ikiyeyuka, nasikia hapo ndio patamu. Shida ni ukame. Mwezi wa kumi nilipita huko nikakuta maji yameshuka sana, ile sehemu ya kushushia boti inaishia kwenye tope. Jamaa mmoja wa kazini ananiambia nisijisumbue, samaki walishakufa chini ya barafu. Mwingine anasema wamejazana, ni kuokota tu, na huyo huyo anasema niende mapema nitembee juu ya barafu iliyobaki niwafuate kwenye kina. Niende tarehe gani? Nisimame wapi? Kuna hatari gani?"

Kaka, asante kwa kuuliza kabla ya kwenda, manake maswali mengi ya barafu huwa yananifikia mtu akishaloana mpaka kiuno. Mimi nimezaliwa Mwanza, nimekulia kwenye sangara na dagaa, barafu nimekuja kuijua ukubwani kama wewe, na kilichonichukua muda mrefu kuelewa ni kwamba kule nyumbani tunaulizana samaki wako wapi, huku unatakiwa kwanza uulize maji yako wapi na yana joto gani. Ukishajua hilo samaki unawajua.

Nianze na ile ya kutembea juu ya barafu sababu hiyo haina mjadala. Hapana. Usipande, kijana asipande, hata ukikuta watu watatu wamesimama juu yake wanavua na wanakupungia mkono.

Watu wanapima barafu kwa unene, na kweli katikati ya majira ya baridi kipimo kinachotumika ni kama sentimita 10 za barafu safi, ngumu, inayoonyesha chini, hapo mtu mmoja anatembea. Lakini barafu ya mwezi wa nne ni kitu kingine kabisa. Jua linapenya katikati ya chembe zake na kuziachanisha, kwa hiyo inabaki nene lakini imegeuka kuwa nguzo nyembamba zilizosimama wima, moja pembeni ya nyingine kama mishumaa kwenye pakiti, hakuna kinachozishika. Inaweza kuwa na sentimita 40 na isikubebe. Siku ukiwa ukingoni upepo ukasukuma kipande mpaka nchi kavu, kipige teke kidogo tu uone, kinasambaratika chote na kinalia kama vikombe vya muuza kahawa. Ukisikia ule mlio mara moja hutahitaji ushauri wa mtu.

Alafu ukame unaongeza ubaya wake. Majira yote ya baridi maji yanaendelea kutolewa bwawani kwenda mjini, barafu ikishaganda juu maji yanashuka chini yake, sasa ile ya pembeni inakosa cha kuegemea, inalala kwenye mteremko, inapasuka, na mahali pengine chini yake pana uwazi mtupu. Maana yake ni kwamba pale pembeni ambapo mtu anaona ndio salama sababu ni karibu na nchi kavu, ndio pabovu kuliko pote.

Sasa samaki. Wale jamaa zako wawili kila mmoja ana nusu ya ukweli, ngoja nikueleze kinachotokea chini huko ili uweze kuamua mwenyewe.

Maji yana tabia moja ya ajabu, yanakuwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za sentigredi, hapa Marekani utaona 39 kwenye kipimajoto chao. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi, ndio maana bwawa linaganda kuanzia juu na siyo chini. Kwa hiyo wakati wa baridi maji ya juu kabisa yako karibu na sifuri na yale ya nyuzi 4 yamelala chini. Trauti hajalala wala hajaganda, yuko hapo anajiendea taratibu, anakula kidogo. Tatizo lake siyo baridi, ni hewa. Bwawa likishafunikwa ni kama chumba kilichofungwa madirisha, hewa iliyoingia kabla ya kuganda ndio hiyo hiyo mpaka masika. Theluji ikikaa juu ya barafu mwanga hauingii, majani ya chini yanaacha kutengeneza hewa, yanakufa, yanaoza, na kuoza nako kunakula hewa.

Ukiingia majira ya baridi na maji machache, akiba ya hewa ni ndogo na majani ya kuoza ni yale yale. Hapo ndipo samaki wanakufa, yule jamaa wa kwanza hajatunga. Ila inategemea bwawa. Lile la kina kifupi lenye majani mengi ndio lipo hatarini, lenye shimo refu karibu na ukuta wa bwawa mara nyingi linavuka salama hata likishuka sana. Na kuna kitu watu wanasahau, mwaka wa ukame huwa hata theluji ni chache, kwa hiyo mwanga unapenya vizuri na mimea inaendelea kufanya kazi yake. Ukame unaua kwa mkono mmoja na unaokoa kwa mwingine, huwezi kujua mpaka maji yafunguke.

Siku ya kwanza utakayofika, kabla hata hujafungua begi, tembea ukingoni mita mia moja hivi. Ukikuta samaki mmoja wawili wamekufa, wameota ukungu mweupe kama pamba, hiyo ni kawaida ya kila mwaka wala usishtuke. Ukikuta wamepangana makumi, wakubwa kwa wadogo, na maji yananuka mayai viza, geuza gari uende bwawa la pili. Na wale waliokufa usiokote hata kama kijana atasema baba huyu bado mzima.

Na yule anayesema wamejazana? Kweli maji yakipungua samaki wale wale wanabanana sehemu ndogo, ila kubanana siyo kushikika. Maji ya nyuzi 4 mwili wa samaki unafanya kazi polepole sana, hakimbizi kitu, akila mlo mmoja unamchukua muda mrefu kuusaga. Utampitishia chambo mbele ya pua akuangalie tu.

Kinachofanya wakati huu uwe mtamu ni ile siku barafu inaachia pembeni. Kunatokea utepe wa maji wazi kati ya barafu na nchi kavu, mita tano, kumi, ishirini. Jua linapiga kwenye tope jeusi na mawe, maji ya pale yanapanda mpaka nyuzi 6 au 7 saa za mchana wakati katikati bado ni friji. Wadudu wanaamka, na samaki waliokaa kizani miezi minne wanasogea pale kufuata joto, chakula na hewa. Yaani wanakufuata wewe ulipo! Ndio maana ile hoja ya kutembea juu ya barafu uwafuate kwenye kina, ukiacha hatari, hata kiuvuvi haina maana, utakuwa unawapita unakwenda kuwatafuta walikotoka.

Baadaye barafu ikiisha yote na maji ya juu nayo yakafika nyuzi 4, juu na chini uzito unakuwa sawa, upepo ukivuma bwawa zima linajikoroga kama uji kwenye sufuria na hewa inarudi mpaka chini. Zile siku mbili tatu za kukorogeka samaki wanatawanyika, uvuvi unakuwa mgumu, maji yana vumbi la tope, watu wanakasirika wanarudi nyumbani. Subiri kidogo tu wanarudi pembeni.

Kwa hiyo tarehe siwezi kukupa na anayekupa anabahatisha. Mabwawa ya South Park yako zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko hata Nyahururu, na kawaida yanaachia kuanzia katikati ya mwezi wa nne kuelekea mwisho wake. Mwaka wa ukame tegemea mapema kidogo sababu maji machache yanapata joto haraka na theluji ya kurudisha mwanga juu ni haba. Nachokushauri ni hivi, kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi wa nne piga simu ofisi ya hifadhi ya bwawa lenyewe mara moja kwa wiki, waulize maji wazi pembeni yamefika upana gani. Siku wakikwambia unaweza kurusha mshipi bila kugusa barafu, wikiendi hiyo nenda, usingoje iishe yote. Dirisha zuri ni kama wiki mbili, baada ya hapo bado kuna samaki ila siyo ule utamu.

Lipi? Kwa wewe na mtoto ningechagua Eleven Mile, ukingo wake ni mrefu, ukikuta upande mmoja upepo umerundika barafu unazunguka upande wa pili. Spinney Mountain iliyo jirani ina samaki wakubwa na watu wengi wanaisubiri kwa hamu manake wakati wa baridi haifunguliwi kabisa kuvua juu ya barafu, lakini kule minyoo na chambo cha unga ni marufuku, ni vyambo bandia tu, na kama kijana wako bado anajifunza atachoka mapema. Antero ndio yenye kina kifupi, nzuri sana mwaka wa maji mengi, ila baada ya ukame ndio ya kwanza kuulizia kama samaki wamevuka salama. Antero ina historia na mambo haya. Mwaka 2002 kwenye ukame mkubwa wakala wa maji wa Denver aliimwaga yote ili maji yasipotee bure kwa jua, ikafunguliwa tena 2007, na samaki waliowekwa baada ya hapo walinenepa vibaya mno, sababu ile ardhi iliyokaa kavu iliota nyasi, maji yaliporudi nyasi zikaoza, wadudu wakazaliana kupita kiasi. Kwa hiyo hayo unayoyaona sasa kama hasara, mabwawa yakijaa tena yanaweza kukulipa.

Hapo nisahihishe kitu kimoja ambacho watu wengi wanachanganya, wanadhani barafu ya bwawa ikiyeyuka bwawa linajaa. Halijai. Barafu ni maji yale yale yaliyokuwemo. Kinachojaza ni theluji ya milimani na hiyo inashuka mwishoni mwa mwezi wa tano na wa sita. Utakapofika mwezi wa nne tegemea kukuta maji chini kama ulivyoyaona mwezi wa kumi, pengine chini zaidi, na sehemu ya kushushia boti bado iko kwenye tope. Kama kuna rafiki anakuahidi boti mwambie apige simu kwanza, na ajue boti ya injini inakaguliwa kome vamizi kabla ya kuingia.

Tope sasa. Hili watu hawaliongelei na mimi ndio liliwahi kuniadhiri. Ardhi iliyoachwa na maji inaganda usiku, saa moja asubuhi unaipita kama lami, unafurahi, unajipanga mbele kabisa karibu na maji. Kufika saa sita jua limeshafanya kazi yake, juu pakavu, chini uji. Nilirudi na gambuti moja, la pili liko huko mpaka leo, na nilitambaa kwa tumbo mita kama thelathini huku jamaa wawili wazee wamekaa kwenye viti vyao wanakunywa chai wananiangalia. Pita penye mawe au changarawe tu, au kwenye njia ya zege ya kushushia boti. Kama mguu unazama zaidi ya kifundo asubuhi wakati bado pameganda, hapo siyo mahali.

Lakini ukame huo huo umekufungulia ramani. Miaka mingine ungelipia mashine ya kuonyesha chini ya maji, saa hii chini kuko wazi unakuona kwa macho. Angalia mkondo wa zamani wa mto unapita wapi, mawe makubwa yako wapi, pale ukingo unapoteremka ghafla, kisiki, njia ya zamani. Piga picha na simu, weka alama kwenye ramani. Maji yakirudi samaki watakuwa hapo hapo na wewe ndio utakuwa unajua.

Pa kusimama: chagua ukingo wa kaskazini, ule unaotazama jua la kusini, ndio unaofunguka kwanza. Ghuba yenye chini nyeusi. Na pale mto unapoingia, sababu trauti wa upinde wa mvua wanataga masika na wanajikusanya karibu na mlango wa mto wakijiandaa, ila angalia vibao, sehemu nyingine zinafungwa wakati huo, na hata pasipofungwa usikanyage changarawe safi iliyochimbwachimbwa, hayo ni mayai.

Saa pia ni tofauti na tulivyozoea. Hakuna haja ya kuamka saa tisa usiku, asubuhi maji ni baridi na pete za fimbo zinaganda. Saa nne asubuhi mpaka saa saba mchana ndio kazi. Baada ya hapo South Park upepo unaamka, na upepo ukigeuka ile barafu ya katikati inakuja upande wako kama pazia, inafunga maji yote ndani ya dakika chache, inakata mshipi. Ukiona inasogea kunja vitu.

Na usirushe mbali. Hili ndio kosa nimeona kwa kila mgeni, anasimama na viatu majini anarusha mita arobaini kwenye barafu kabisa, wakati samaki walikuwa mita mbili kutoka kwenye kidole chake cha mguu, ameshawatimua. Simama nyuma hatua tatu, rusha ukifuata ukingo, sambamba na nchi kavu, kwenye kina cha mita moja mpaka tatu. Mshipi mwembamba wa kuhimili paundi 4 au 6. Inzi bandia mweusi au wa rangi ya zeituni anayefanana na ruba, au kijigi cheupe kidogo, yaani ndoano yenye kichwa kizito, na uvute polepole mpaka ujione mjinga, alafu punguza tena. Kwa kijana weka kiboya na chini yake ndoano ndogo yenye mfano wa lava wa mbu wasiouma, wale ukoo mmoja na wadudu wanaopaa Ziwa Victoria kama moshi. Kiboya kinampa kitu cha kuangalia, mtoto akikaa saa nzima hana cha kuangalia ataanza kutupa mawe majini.

Leseni: kijana chini ya miaka 16 hahitaji, wewe unahitaji, na kabla ya hii safari yako angalia yako inaisha lini, kuna watu wanakamatwa kwa hilo. Idadi ya kuchukua inatofautiana bwawa na bwawa, na mwaka wa ukame Colorado Parks and Wildlife, idara ya jimbo ya hifadhi na wanyamapori, wanaweza kubadilisha katikati ya msimu, wakati mwingine wanaruhusu uchukue zaidi kama bwawa linamwagwa, kwa hiyo soma kibao cha pale pale siyo cha mwaka jana. Kama unaachia samaki, lowesha mikono, usimlaze kwenye theluji wala kumshika juu hewani muda mrefu kukiwa chini ya sifuri, mashavu yake yanaganda. Maji baridi hivi samaki aliyeachiwa vizuri anapona. Msimu wa joto maji yakipita nyuzi 20 habari ni nyingine, hapo waache wapumzike.

Kuhusu hatari ya kuanguka, wewe na kijana vaeni jaketi la kuokolea hata mkiwa nchi kavu ukingoni, najua mtaonekana washamba. Wataalamu wa maji baridi wana hesabu ya 1, 10, 1: dakika 1 ya kwanza pumzi inakushinda unahema ovyo, hapo kazi yako ni kutulia tu usimeze maji, kisha una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakusikia, alafu kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Watu wengi hawafi kwa baridi, wanakufa ile dakika ya kwanza sababu hakuna kinachowashika juu. Mtoto akiloana hata miguu tu, mvue, mvalishe kavu, washa gari, uvuvi umeisha siku hiyo. Akitetemeka alafu akaacha kutetemeka, akaanza kuongea kilevi au kusinzia, piga 911 usimsugue mikono wala usimpe kitu cha kunywa, mlaze na umfunike. Mtandao wa simu kule unakatika, mwachie mama watoto jina la bwawa na saa mtakayorudi.

Kama unaona yote haya ni mengi kwa mara ya kwanza, hapo hapo Aurora kuna Aurora Reservoir, iko chini sana kuliko South Park, barafu ikiwepo inaachia mapema, na huwa wanaweka trauti. Fanyeni mazoezi huko mwezi wa tatu. Na ukitaka mtu akushike mkono, maduka ya vifaa vya uvuvi Denver yana waongozaji wa kulipwa, siku moja tu na mtu anayejua bwawa inakuokolea misimu miwili ya kubahatisha, kwa mwaka kama huu ningesema lipa.

Ukipata mmoja wa kula, mpasue uangalie tumboni kabla ya kumuosha. Ukikuta vidudu vidogo vinavyofanana na uduvi, hivyo ndivyo vinavyoipa nyama rangi ya chungwa, na utajua wiki ijayo ufunge nini kwenye ndoano. Mzee wako Nyeri mtumie picha, mwambie hawa ni binamu wa wale wa mto Gura ambao mlowezi Ewart Grogan anatajwa kuwaleta mwaka 1905, ila hawa wametoka chini ya barafu.